Makumbusho ya Salvatore Ferragamo, Florence: tazama kalibu kwanza

Watu wengi wanaoingia Palazzo Spini Feroni, jumba lenye makumbusho haya chini na duka la Ferragamo juu, hupitia mlango wa duka. Mlango wa makumbusho uko upande wa uwanja wa Santa Trinita, na ukishaingia unateremka hadi vyumba vya chini ya jumba. Kama uko Florence, umeshaona michoro na sanamu, na muda uliobaki unatosha kuingia mahali pamoja tu, ingia hapa. Nasema hivyo nikiwa fundi viatu. Kutwa niko na kisu, gundi na sindano, na makumbusho mengi ya mitindo hunichosha: gauni limevishwa sanamu, taa hafifu, jina la mbunifu ukutani, basi. Hapa nilikuta kazi yenyewe, jinsi ilivyofanywa na kwa nini ilifanywa hivyo.

Jumba ni la mawe, na juu ya kuta zake kuna meno kama ya ngome. Familia ya Spini, waliokuwa wenye benki, ndio walioanza kulijenga mwaka 1289, penye kichwa cha daraja la Santa Trinita juu ya mto Arno. Salvatore Ferragamo, fundi viatu Mwitalia, alilinunua mwaka 1938. Miaka 5 kabla ya hapo, mwaka 1933, alikuwa amefilisika. Tembea humo chini ukiwa na jambo hilo kichwani, maana karibu kila kiatu kitakachokusimamisha kimetoka katika kipindi ambacho mtu huyu hakuwa na malighafi ya maana mkononi.

Anza na kalibu. Kwa asiyejua kazi yetu, kalibu ni ule mguu wa mbao ambao fundi huujengea kiatu juu yake. Ferragamo alimchongea kila mteja mkubwa kalibu zake, na zimehifadhiwa na majina ya wenyewe: Audrey Hepburn, Greta Garbo, Sophia Loren, Marilyn Monroe. Wageni husoma majina na kupiga picha. Mimi nilikodolea macho vipande vya ngozi vilivyobandikwa juu ya mbao. Kila mahali mteja alipokuwa na kifundo kilichotokeza, au unyayo mnene kidogo, fundi amebandika ngozi, akaipunguza kwa kisu, akabandika nyingine, mpaka mbao ikawa na umbo la mguu ule na si mwingine. Hata kushoto na kulia hazilingani. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa akisema kalibu haidanganyi, na pale niliona kwa macho yangu kuwa mguu wa nyota wa sinema nao una nundu zake, na kuna mtu alizipima bila haraka na bila kuziona aibu.

Karibu na hapo ndipo palipo na jambo ambalo ningetaka kila fundi alijue. Ferragamo alipokuwa California alikwenda kusoma anatomia ya mwili wa binadamu kwenye Chuo Kikuu cha Southern California, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vikisifiwa kwa uzuri huku wateja wakiumia. Alichokipata ni kwamba mtu akisimama wima, uzito wa mwili hushuka kama uzi wa timazi hadi kwenye upinde wa unyayo, yaani ile sehemu ya katikati inayoinuka. Watengenezaji wa wakati wake walikuwa wakibeba kisigino na ile sehemu nene ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, katikati wakipaacha patupu. Yeye akageuza: akapabana pale katikati, akaviacha vidole na nafasi ya kucheza. Ukilijua hilo unaanza kuviona viatu vyote vya humo ndani kwa ubavu, si kwa mbele. Mke wangu, ambaye kazi yake ni ya kusimama tangu asubuhi, aliyasoma maelezo hayo taratibu, kisha akanigeukia: "Baba Neema, na wewe huwa unapima hapa?" Nikamwambia ndiyo, nikamshika kiatu alichovaa na kumwonyesha mahali penyewe, mlinzi akitutazama.

Historia ya mwanzo inasimuliwa kwa kifupi, na kwa kifupi inatosha. Salvatore alizaliwa Juni 1898 huko Bonito, kijiji cha milimani mashariki ya Naples, mtoto wa 11 kati ya 14. Baba yake hakutaka asikie habari ya ushonaji viatu, aliuona ni kazi ya watu wa chini kabisa. Mtoto akiwa na miaka 9, dada yake alikuwa anakwenda kupokea komunyo ya kwanza na nyumbani hapakuwa na fedha ya viatu vyeupe; akakesha, asubuhi viatu viko tayari. Baba akanyamaza. Alipokuwa kijana mdogo akavuka bahari kwenda Marekani kwa ndugu zake. Huko Boston alikiona kiwanda cha viatu vya mashine na hakukipenda hata kidogo: viatu vizito, vigumu, na mguu wa mtu haukuwa na nafasi katika hesabu ile. Akahamia Santa Barbara, akashona mabuti ya sinema za wachunga ng'ombe, kisha wasanii wakaanza kumwagiza viatu vya kuvaa barabarani. Sinema zilipohamia Hollywood naye akahamia, akafungua duka mwaka 1923. Mary Pickford na Gloria Swanson walikuwa wateja wake. Mwaka 1927 akarudi Italia, kwa sababu Marekani alishindwa kupata mafundi wa mkono wa kutosha, akachagua Florence kwa kuwa mji ule umejaa watu wa kazi za mikono. Akawapanga mafundi katika mstari, kila mmoja na hatua yake, lakini kila hatua ikifanywa kwa mkono. Soko lake lilikuwa Marekani. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 1929, oda zikakauka, na mwaka 1933 akatangazwa amefilisika.

Sasa tufike mahali ambapo nilikaa kuliko kwingine kote.

Kiatu cha kisigino kirefu huwa na kipande cha chuma kilichofichwa ndani ya soli, kuanzia kisigino hadi karibu na vidole. Hukioni, lakini ndicho kinachombeba mtu. Kikiwa dhaifu, kiatu hupinda katikati, na siku moja kisigino hulala. Ferragamo alikuwa akitumia chuma kizuri cha Ujerumani. Oktoba 1935 jeshi la Mussolini likaivamia Ethiopia. Novemba mwaka huohuo Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo vya biashara. Vikwazo hivyo havikuiokoa Ethiopia: mafuta ya petroli hayakuguswa, Waitalia wakamwaga gesi ya sumu juu ya watu, na Mei 1936 wakaingia Addis Ababa. Ila vilifika hadi kwenye meza ya fundi viatu wa Florence, maana chuma cha maana kilienda kwenye silaha, na kilichobaki sokoni kilikuwa kikikatika ndani ya viatu vya wateja.

Hapo ndipo alipoamua kuachana na chuma. Akachukua koki ya Sardinia, lile gome la mti la kutengenezea vizibo vya chupa, akalikata vipande, akavigandisha pamoja na kuvichonga mpaka nafasi yote kati ya kisigino na soli ikajaa. Hakuna tena pengo, kwa hiyo hakuna cha kukatika. Ni kabari moja nzima chini ya mguu, nyepesi, inayobeba upinde wa unyayo kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anatomia ilivyomfundisha. Aliipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1937. Leo kiatu cha kisigino kilichojaa unakikuta kila soko la dunia, na wanaokivaa hawajui kilikotoka.

Mimi ni mtu wa Afrika Mashariki, na siwezi kuitazama kabari ile kama wazo la mbunifu mwerevu peke yake. Nyuma yake kuna vita iliyopigwa juu ya watu wetu. Fundi hakuianzisha vita hiyo, na akili aliyoitumia kutoka kwenye shida ile naiheshimu kwa moyo wote; ni akili ya fundi wa kweli, anayeangalia kilichopo mezani na kukifanya kitoshe. Lakini historia inayosema tu "malighafi ziliadimika miaka ya 1930" inamficha aliyelipa. Ningeomba kila anayeongoza wageni mbele ya viatu vile aitaje Ethiopia kwa jina, na aitaje kabla ya kutaja Hollywood. Ukienda na watoto, waambie wewe.

Kiatu cha kusimama mbele yake katika kundi hili ni sandali ya rangi za upinde wa mvua ya mwaka 1938, inayohusishwa na mwigizaji Judy Garland. Mikanda yake ni ya ngozi ya dhahabu. Chini kuna matabaka ya koki yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila tabaka limevikwa ngozi ya swedi ya rangi yake. Inama uangalie kingo. Swedi hukunjamana ukiizungusha kwenye kona, na gundi ikizidi inaloa na kuacha doa lisilotoka. Hapo kila tabaka limevikwa peke yake kabla ya kuunganishwa, na sikuona kunyanzi hata kwenye mapindo ya mbele, pale ambapo soli inazunguka vidole. Nilitafuta mahali fundi aliposhindwa na kuficha, kama sisi sote tunavyofanya. Sikupaona. Kiatu hicho kinaonekana cha mchezo na cha furaha, na mtu anaweza kupita akitabasamu, ila kwa anayejua kazi, ni mtihani mgumu uliofanywa kwa utulivu.

Vinavyofuata ni vya vifaa ambavyo hakuna mtu wa mitindo ya kifahari angevigusa wakati ule: nyuzi za rafia, katani, mbao, ngozi ya samaki, majani makavu yaliyosukwa kwa ufundi wa wanawake wa vijiji vya Toscana. Halafu selofani. Alisimulia mwenyewe kuwa wazo lilimjia kutokana na karatasi ng'avu za chokoleti alizokuwa akizichezea vidoleni. Akaona kuwa zikisokotwa zinakuwa uzi, na uzi unaweza kusukwa. Sehemu za juu za viatu hivyo zinawaka kama fedha, na zimesukwa kwa karatasi ya peremende. Ngozi ilikuwa ikienda jeshini. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika historia ya nyumba hii ya mitindo, na naiona imepangwa vizuri: hawajavitenga viatu vya shida na viatu vya fahari, vimewekwa kwa heshima ileile.

Mwaka 1944, Agosti, wanajeshi wa Ujerumani wakirudi nyuma walilipua madaraja ya Florence, wakaliacha Ponte Vecchio tu. Daraja la Santa Trinita, lililo mlangoni pa jumba, liliporomoka, likajengwa upya na kukamilika mwaka 1958. Kwa hiyo kazi kubwa ya baada ya vita ilifanyika kando ya daraja lililovunjika. Mwaka 1947 ndipo ilipotoka sandali isiyoonekana. Sehemu ya juu ni uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ukipita na kurudi juu ya mguu mara nyingi. Kisigino kimechongwa kwa ndani hadi ukikitazama kwa ubavu unaona herufi F. Huo uzi nimewahi kuushona, na nawaambia haushikiki: unateleza, fundo linajifungua lenyewe, na ukivuta kwa nguvu unaikata ngozi uliyotoboa. Hapo mistari imelala sambamba bila mmoja kulegea. Sandali ile ilimpatia tuzo ya mitindo ya Neiman Marcus ya Marekani mwaka huohuo, mwaka ambao mbunifu Mfaransa Christian Dior naye alitunukiwa. Madukani haikuuzwa sana. Wanawake wengi hawakutaka mguu wao uonekane wazi namna ile, na hilo nalielewa: kiatu kinavaliwa kwa kufunika kitu pia.

Viatu vya nyota nitavipitia haraka, kwa sababu utavikuta tu, ndivyo vinavyopigwa picha. Marilyn Monroe alivaa visigino virefu vya nyumba hii kwa miaka mingi, na viatu vyake vyekundu vyenye kumetameta vilinunuliwa na kampuni ya Ferragamo kwenye mnada wa vitu vyake mwaka 1999. Kiatu bapa cha Audrey Hepburn cha mwaka 1954 ndicho ningechukua mimi kama ningeruhusiwa kuchukua kimoja, kwa jinsi soli inavyopanda kando ya mguu kama ganda na kuushika. Sandali ya dhahabu ya karati 18 ya mwaka 1956 ni kazi ya masonara zaidi kuliko ya mafundi viatu. Inang'aa. Nilisogea mbele.

Ferragamo alifariki mwaka 1960, akiwa na miaka 62. Alikuwa na mamia ya hataza na alama zilizosajiliwa, watoto 6, na kampuni iliyokaa yote kichwani mwake na mikononi mwake. Mke wake, Wanda Miletti, alikuwa wa Bonito kwao, binti wa daktari wa kijiji. Walioana mwaka 1940 yeye akiwa na miaka 18. Hakuwa amefanya kazi ya ofisini maisha yake yote. Alipobaki mjane, mtoto wa mwisho akiwa bado mdogo sana, watu walimshauri auze. Alikataa, akaingia ofisini. Binti mkubwa, Fiamma, alishakuwa akijifunza kazi kwa baba yake. Yeye akashika viatu na mikoba. Giovanna akaanzisha mavazi ya wanawake, Fulvia vitambaa vya hariri, Ferruccio akasimamia biashara. Nyumba ya viatu ikawa nyumba ya mitindo kamili chini ya mwanamke ambaye hakupewa nafasi ya kujiandaa. Mwaka 1967 Fiamma naye alipata tuzo ya Neiman Marcus, miaka 20 baada ya baba yake. Mwaka 1978 akabuni Vara, kile kiatu cha kisigino kifupi chenye upinde wa utepe na kibati cha jina, ambacho kimeuzwa kuliko chochote ambacho baba yake alikitengeneza kwa mkono. Ni familia hiyohiyo iliyofungua makumbusho mwaka 1995. Wanda aliishi hadi mwaka 2018.

Nikiwa mteja ningetaka Wanda apewe nafasi kubwa zaidi katika kila simulizi ya nyumba hii. Jina la mlangoni ni la mume, na kalibu ni za mume, lakini kama mwaka 1960 angekubali ushauri wa watu, leo tungekuwa tunavitafuta viatu hivi kwenye minada. Mafundi pia ningetaka niwaone zaidi: majina ya waliokata, waliovuta ngozi juu ya kalibu, waliosuka selofani. Ferragamo mwenyewe aliwahitaji kiasi cha kuvuka bahari kuwafuata.

Dukani juu tuliingia baadaye. Kampuni iko kwenye soko la hisa la Milan tangu mwaka 2011, na mwaka 2022 ilimteua Mwingereza, Maximilian Davis, kijana mwenye asili ya Trinidad, kuwa mbunifu wake mkuu. Bei ni za nyumba ya kifahari na sitawaambia muache kula ili mnunue. Lakini kushika ni bure. Vile vibano vya chuma vyenye umbo la ndoano unavyoviona kwenye mikoba na mikanda vimetoka kwenye malango ya chuma ya jumba hilihili. Kwenye Vara niliyoishika, mshono wa ukingo ulikuwa umenyooka na ngozi ya ndani imekunjwa vizuri kisiginoni, mahali ambapo kiatu cha kiwandani huonyesha uvivu wake kwanza. Mke wangu aliijaribu, akatembea hadi dirishani na kurudi, akasema imemshika katikati ya unyayo. Muuzaji alikuwa na adabu, hakutuharakisha, ingawa alijua wazi kuwa hatununui.

Kwa anayepanga kwenda: maonyesho hubadilishwa mara kwa mara kwa mada, kwa hiyo angalia kwanza kinachoonyeshwa wakati huo, hasa kama unachotaka ni viatu vya miaka ya 1930 na 1940. Tiketi ni nafuu kuliko ya Uffizi, makumbusho makubwa ya sanaa ya Florence. Vyumba ni vichache, lakini usipange saa moja ukadhani utamaliza kama ni mtu wa kazi hii. Chukua daftari na penseli uchore, kwa sababu picha ya simu haitakuonyesha kalibu imeongezwa ngozi wapi na kwa unene gani.